Picha Moja Kati ya 3,812

Hivi msomaji wangu, mwaka jana ulipiga picha ngapi? Usiseme unajua, huzijui. Mimi nilidhani zangu hazizidi mia nane. Siku nilipozihamishia zote kwenye laptopu, mashine ikaniandikia pale chini: 3,812. Nikashtuka kama mtu aliyeletewa bili ya vinywaji asivyovikumbuka.

Ilikuwa Desemba 2024. Hapa ofisini tulikubaliana kila mmoja wetu alete picha moja tu, aliyoipiga mwenyewe ndani ya mwaka huo, tuziweke kwenye toleo la Januari. Wazo lilikuwa langu, na nilililetea utetezi kikaoni kwa mbwembwe zote za mtu aliyesomea mawasiliano ya umma. Kumbe najichimbia shimo. Wenzangu walileta za kwao ndani ya siku mbili. Mmoja alileta ya mwanawe akiwa hana meno ya mbele, mwingine sahani ya pweza. Mimi mwenye wazo nikabaki naangalia kioo cha laptopu mpaka wiki ya tatu.

Ngoja nikupe historia kidogo, maana bila hiyo hutanielewa. Januari ya mwaka huo mume wangu alipata kazi Tanga, kwenye mradi wa bomba la mafuta ghafi, lile la kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, mpaka Chongoleani. Kazi nzuri, mshahara wa kueleweka, nani akatae? Mimi kazi yangu iko Dar. Tulikuwa na miaka minne kwenye ndoa na hatujawahi kulala mbali mbali zaidi ya wiki moja. Tukajipanga kama wasomi: mwezi mmoja una wikiendi mbili zetu, moja anakuja yeye, moja naenda mimi. Na kila tukikutana tutoke, tuone mahali, isije ikawa nasafiri kilomita 350 kwenda kufua mashati.

Wakati huo huo mpiga picha wetu wa ofisini alikuwa anauza kamera yake ya zamani, Canon iliyochubuka rangi pembeni. Akanipunguzia bei kwa sababu mimi ndiye ninayemrekebishia maelezo ya picha zake. Hivyo ndivyo nilivyogeuka mpiga picha wa ridhaa, nikiwa na miaka thelathini na kitu.

Barabara ya Tanga sasa naijua kwa harufu. Saa kumi na mbili asubuhi stendi ya Magufuli, Mbezi, ni dizeli na maandazi. Chalinze ni mishikaki na moshi wa mkaa. Ukifika Wami unapita juu ya daraja jipya lililoanza kutumika 2022, na abiria wa siku nyingi lazima atageuka kuliangalia lile la zamani kule chini, jembamba, ambalo mabasi yalilipita kwa zamu na watu wakisali kimya kimya. Halafu Mkata, Kabuku, na mashamba ya mkonge yaliyopangwa mistari kama nywele zilizosukwa. Segera wanaoenda Moshi na Arusha wananyoosha, sisi tunakata kulia. Muheza machungwa yanapandishwa mpaka dirishani yakiwa kwenye nyavu. Ukishaona baiskeli zimekuwa nyingi kuliko magari, ujue umefika. Stendi ya Kange hiyo, na mtu wako amesimama anakutafuta kwa macho.

Kama umewahi kuwa mgeni wa kamera utanielewa nikisema miezi ya mwanzo nilipiga kila kitu. Februari alipokuja yeye tulikwenda Bagamoyo. Nikapiga milango ya nakshi, magofu ya Kaole, mashua zilizolala kwenye matope maji yalipokupwa, mlango mwingine, paka, mlango mwingine tena. Nilipozitazama Desemba zilikuwa nzuri, sikatai. Lakini zilikuwa nzuri kama zile kadi zinazouzwa kwa watalii. Ungenificha jina ungesema kazipiga mtu yeyote.

Machi nikaenda mimi, tukaingia mapango ya Amboni, nje kidogo ya mji wa Tanga. Nimetoka mle na picha 140 za giza. Siwatanii. Flashi ilikuwa inamulika ukuta wa chokaa ulio hatua moja mbele, nyuma yake kote ni weusi mtupu, na kwenye picha moja kuna kitu nadhani ni popo ila mume wangu anashikilia ni kidole changu. Ushauri wa bure kwa wenye kamera mpya: pangoni nenda ukaone kwa macho, kamera iache begini.

Aprili mvua zilinyesha mpaka hatukutoka nje, tukala samaki na kucheza karata. Mei tulikuwa tumepanga Zanzibar, mwanzoni kabisa mwa mwezi. Kikaja kimbunga Hidaya, boti zikasitishwa, kila mtu akabaki upande wake wa barabara anaangalia bati za jirani zikitikisika. Mwezi huo sina picha hata moja.

Halafu ikaja Juni, Lushoto. Hapa ndipo nilipopata picha ambayo kila aliyeiona amesema ndiyo yenyewe. Unapanda kutoka Mombo kwa kona zisizoisha, baridi inaingia taratibu, na unaelewa kwa nini Wajerumani waliukimbilia mji huu na kuubatiza jina la mfalme wao, Wilhelmstal. Asubuhi saa kumi na mbili na nusu tulikuwa tumeshasimama Irente. Pale mlima unakatika ghafla, na chini kabisa iko tambarare inayokwenda mpaka macho yanachoka. Ukungu ulikuwa umejaa bondeni kama maziwa kwenye bakuli, jua likapiga juu yake. Nikabonyeza. Fokasi safi, rangi safi, hata mti mmoja uliojitokeza pembeni umekaa pale ambapo vitabu vya upigaji picha vinataka ukae.

Kwa hiyo tatizo liko wapi? Tatizo nililiona nilipotafuta picha za Irente kwenye intaneti. Ziko mamia zinazofanana na yangu, nyingine zina ukungu mzuri zaidi. Sikuona haya kuipiga, ila niliona haya kuiita ya kwangu.

Julai tulikwenda Pangani. Naomba hapa twende polepole.

Pangani ni mji mdogo ulioko mahali mto unapomwaga maji yake baharini, kusini mwa Tanga, safari ya saa moja na ushee hivi. Ni mji mkongwe. Hapa ndipo Wajerumani walipomnyonga Abushiri Desemba 1889, baada ya yeye na watu wa pwani kuwatoa jasho kwa zaidi ya mwaka. Nyumba za zamani bado zimesimama zikitazama mto, nyingine zimebaki kuta tu, mti umeota sebuleni. Sijui nieleze vipi, lakini ni mji unaokufanya upunguze sauti. Ng'ambo ya mto ni Bweni, na wakati ule ulikuwa unavuka kwa pantoni. Ujenzi wa daraja ulikuwa unaendelea, zaidi ya mita 500, kwenye barabara mpya ya kuunganisha Bagamoyo, Pangani na Tanga. Nikajisemea wacha nimpige huyu mzee wa kazi kabla hajastaafu, nikimaanisha pantoni.

Ilikuwa saa kumi na moja jioni, tunarudi kutoka Bweni. Jua lilikuwa linashukia upande wa juu wa mto, nyuma ya minazi. Mbele yetu alisimama kijana na baiskeli, nyuma ya baiskeli amefunga godoro jipya, bado liko ndani ya nailoni yake. Mwanga ukaingia kwenye ile nailoni, godoro lote likawaka kama taa. Nikainua kamera.

"Utahamia lini?" mume wangu akaniuliza. Alikuwa anaangalia maji.

"Kuhamia wapi?"

"Huku."

"Na jarida niliharirie wapi? Hapa kwenye pantoni?"

Hakucheka. "Si tulikubaliana mwaka mmoja?" akasema.

"Ndiyo. Mwaka mmoja, halafu urudi nyumbani."

Akanigeukia. "Mimi nilijua mwaka mmoja, halafu unifuate."

Msomaji wangu, miezi saba! Miezi saba tumekuwa tukisema "mwaka mmoja" kwenye simu, kwenye meseji, mbele ya mama yake na mbele ya mama yangu, na kila mtu ana mwaka wake kichwani. Mimi, mwenye digrii ya mawasiliano. Nikabonyeza kamera kwa sababu sikutaka kujibu. Picha ikatoka: godoro linawaka, mkono wa kijana umeshika usukani, na pembeni kulia ni nusu ya uso wa mume wangu, jicho moja, limeangalia pengine.

Kama ni ufundi tu, hiyo ndiyo picha kali kuliko zote nilizowahi kupiga. Msanifu kurasa wetu aliiona akapiga mluzi.

Agosti nilikwenda Tanga kwa sababu ilikuwa zamu yangu. Tulikaa kama wapangaji wawili. Watu wa Tanga wana msemo wao, waja leo waondoka leo, wanausema kwa utani wa kumkaribisha mgeni. Mwezi huo niliusikia kwa muuza kahawa nikaona kama ananisema mimi.

Septemba tukavuka Zanzibar hata hivyo, maana hoteli ilishalipiwa tangu ile safari ya Mei na hawarudishi pesa. Ndoa nyingi zinaokolewa na vitu vidogo kama hivyo, wala usicheke. Forodhani niliwapiga wale vijana wanaojirusha baharini jioni, picha tamu, miguu hewani, na kila mwenye kamera aliyefika pale anayo. Kilichonigusa kilikuwa kwingine. Tuliingia Capital Art Studio, barabara ya Kenyatta, studio aliyoianzisha Ranchhod Oza mwaka 1930. Picha nyeusi na nyeupe zimerundikwa kwa mafungu, unafunua moja moja kama vitenge dukani. Mabwana harusi wa zamani, meli, mitaa. Na Beit el Ajaib, jumba la 1883, likiwa zima na mnara wake wa saa. Jumba hilo sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020, kwa hiyo aliyesimama pale zamani akalipiga, siku ile alikuwa anapiga jengo tu kama majengo mengine.

Mume wangu ndiye aliyesema neno, na ilikuwa sentensi yake ndefu kuliko zote za wikiendi ile. "Hawa walikuwa na mkanda wa picha thelathini na sita. Lazima ufikirie kabla hujabonyeza. Wewe unabonyeza kwanza." Sikujua anazungumzia kamera au mimi. Nikanunua picha mbili nikanyamaza.

Basi turudi Desemba, mimi na laptopu yangu na picha 3,812. Kazi ya kuchagua niliianza kama ninavyohariri habari, kwa kufuta. Raundi ya kwanza, zote zenye ukungu wa mkono na zote za vidole. Raundi ya pili, zile zinazofanana, maana nina tabia ya kupiga kitu kimoja mara tisa kana kwamba kitatoroka. Raundi ya tatu ndiyo inayouma: zile nzuri ambazo hazikuambii kitu. Nikabaki na 12. Husemekana Ansel Adams, yule Mmarekani bingwa wa kupiga milima, aliona picha 12 za maana kwa mwaka ni mavuno mazuri, kwa hiyo nikajipongeza na kwenda kuchemsha chai.

Ni wakati nasafisha zile za kutupa ndipo nikaziona. Nilikuwa nimeziweka kwenye folda la takataka kwa sababu zote zimepigwa kupitia kioo cha basi, chafu, zina mng'ao. Zilikuwa picha za Kange. Kila Jumapili nikiondoka Tanga, nikishakaa kwenye siti, nilikuwa nampiga mume wangu moja pale nje. Sikuwa na mpango wowote. Ni kama kupunga mkono tu. Nikazipanga kwa tarehe.

Machi, amesogea mpaka dirishani, kiganja kimegusa kioo. Aprili, mvua, amejikunyata chini ya mwavuli wa kukopa lakini yupo. Juni, ameshika simu sikioni, mkono mwingine juu. Julai, siku moja baada ya ile pantoni, ni mgongo wake, anaelekea kwenye bodaboda.

Agosti hayupo. Lakini picha nilipiga! Ni pale mahali anaposimamaga, pana dimbwi dogo na muuza maji anapita. Sikumbuki kabisa kuipiga. Niliitazama ile picha ya dimbwi, chai ikapoa.

Oktoba yupo, ila mbali, karibu na ukuta, mikono mfukoni.

Na Novemba. Siku ile alinisindikiza Kange kama kawaida, konda akaita Dar, Dar, mimi nikapanda, na yeye akapanda. Nikamwambia shuka, basi linaondoka. Akasema nafika Muheza tu. Muheza ni kama kilomita 35 kutoka Tanga. Tulikaa siti mbili za kushoto na hatukuzungumza lolote la maana, alinisimulia kuhusu fundi wao mmoja anayefuga kasuku. Basi lilipokaribia Muheza akasema, bila kuniangalia, "Ile ya mwaka mmoja, tuianze upya. Tuihesabu pamoja safari hii." Nikasema sawa. Akashuka. Akanunua wavu wa machungwa kwa kijana wa pale, akaja mbio dirishani, muuzaji naye nyuma yake anapiga kelele, "Shemeji, chenji! Shemeji, chenji!" Basi lilikuwa limeshaanza kutembea.

Nikapiga. Picha imepinda. Wavu wa machungwa umejaa nusu ya picha, hauko kwenye fokasi, mume wangu yuko nyuma yake kafungua mdomo, muuzaji ameinua noti. Na juu ya vyote hivyo, kwa sababu jua lilikuwa limepiga kioo, unaiona sura yangu na kamera, hafifu, imelala juu ya machungwa. Katika picha 3,812 ni hiyo peke yake ambayo sisi wawili tupo ndani.

Nilimtumia mume wangu zile 12, pamoja na hiyo, bila kumwambia kitu. Akajibu baada ya saa moja: pantoni. Nikampigia.

"Kwa nini pantoni? Tuligombana siku ile."

"Ndiyo siku pekee mwaka huu tuliyoongea."

"Na ya Muheza?"

"Ya Muheza nimetoka kama mwizi wa machungwa."

Nikafikiria siku mbili. Ningeweka pantoni, na nakiri ilistahili, ukurasa ungependeza na wenzangu wangenisifu. Na labda yeye ana haki, maana bila jioni ile ya Pangani hakuna wavu wa machungwa. Lakini kila nikiitazama naona jicho moja linaloangalia pengine, na sikuwa tayari kuwaonyesha watu nisiowajua jicho hilo wakaniambia rangi zimekaa vizuri.

Nilipeleka ya Muheza. Msanifu kurasa akaniita, "Dada, njoo uone. Hii ina mng'ao wa kioo, halafu huyu jamaa hajulikani kama anakuja au anakimbizwa. Ile ya godoro iko wapi?" Nikamwambia ile si ya kuchapishwa. Akanitazama kama ninavyowatazama waandishi wanaoleta makala pungufu, halafu akaiweka chini kabisa kona ya kushoto, ndogo kama stempu. Haki yake. Pweza alipata nusu ukurasa.

Suala la nani amfuate nani hatujalimaliza. Kwa sasa wiki tatu nakuwa Dar, ya nne nahariri nikiwa Tanga, kwenye meza ya chakula pale Raskazone, intaneti natumia ya simu na ikigoma naenda kukaa ufukweni mpaka itulie. Bosi wangu amekubali kwa majaribio, na uso wake ulisema kwa majaribio hasa.

Nilichapisha nakala moja kubwa ya ile picha, nikaiwekea fremu, nikaibeba mapajani kutoka Mbezi mpaka Kange. Mume wangu akaipigilia ukutani mkabala na meza yangu. Sasa shida ni kwamba ikifika mchana kioo cha fremu kinaakisi dirisha, na ukikaa kwenye kiti changu huoni machungwa wala mtu, unaona mwembe wa jirani. Nimemwambia aihamishie ukuta wa pili. Amesema wikiendi.